Vitone vya Njano vya Tallsele

Waya unaokuletea intaneti nyumbani ni wa nani? Usitaje jina la kampuni unayoilipa kila mwezi. Swali ni waya wenyewe: nani aliufukia, nani anajua ulipopita, na ukikatika kesho nani atashika sepetu?

Watu wengi hawajui, wala kutojua hakuwakoseshi usingizi. Katika kijiji cha Tallsele, kaskazini mwa Uswidi, wanajua wote, kwa sababu waliufukia wenyewe. Kampuni za simu ziliwaambia, moja baada ya nyingine, kwamba nyumba themanini na tatu zilizotawanyika msituni si biashara. Basi wakaunda ushirika, wakakodi mashine ya kuchimbia, na kwa majira mawili ya joto kila nyumba ikachimba mtaro wake mpaka barabarani. Ndani ya mitaro wakalaza bomba la rangi ya machungwa, na ndani ya bomba nyuzi za kioo. Siku mtandao ulipowaka hakuna aliyetoa hotuba. Walikunywa kahawa, wakarudi nyumbani kuona kama ni kweli.

Mtunzaji wa mtandao huo ni Torgny Sellin, mwenye miaka sitini na mmoja. Kwa miaka ishirini na minne alikuwa dereva wa lori la maziwa. Kazi ya utunzaji aliipata kwa sababu seva ya ushirika iliwekwa kwenye banda la zamani la kupokelea maziwa, na ufunguo wa banda alikuwa nao yeye. Hakuna aliyeuliza kama anajua kompyuta. Hakujua. Alijifunza kwa kamusi na subira, vile vile alivyojifunza kurudisha lori nyuma kwenye barafu, yaani kwa kugonga vitu polepole.

Ndani ya seva hiyo kulikuwa na programu ya kusimamia mtandao. Kazi yake inachosha hata kuielezea. Kila nyumba ina kisanduku kidogo cheupe kinachounganisha uzi wa kioo na kompyuta za mwenye nyumba. Kila dakika tano programu inakiita kila kisanduku: upo? Kisanduku kinajibu: nipo. Kisichojibu kinawekewa kitone chekundu kwenye ramani, na dakika zake zinahesabiwa kuwa mtandao ulikosekana.

Mwaka jana hesabu hiyo ilisema mtandao wa Tallsele ulipatikana kwa asilimia sabini na moja tu ya muda wote. Torgny aliichapa, akaibandika kwenye ubao wa matangazo na kuiweka kwenye tovuti ya ushirika. Katiba yao inasema kila taarifa iwe wazi kwa kila mtu, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kila mtu ni pamoja na wasiowapenda.

Mwezi wa Machi ikaja barua. Kampuni moja kubwa ya mjini ilitaka kuununua mtandao mzima. Barua ilikuwa na kurasa sita na picha ya mtoto anayecheka mbele ya kompyuta. Ukurasa wa pili uliinukuu ile asilimia sabini na moja, kwa shukrani. Mwenyekiti wa ushirika, Maj-Lis Backvall, mwalimu mstaafu ambaye kijiji kizima bado kinamwita Mwalimu, akaitisha mkutano. Wanachama wangepiga kura Alhamisi ya tatu ya mwezi wa Mei: wauze au wasiuze.

"Mimi sitaki," Torgny alimwambia mkewe.

"Basi waambie," akasema Ragnvi. Ragnvi ni muuguzi anayezunguka na gari kuwatibu wazee majumbani, na hana muda wa maneno marefu.

"Nitawaambia nini? Ile sabini na moja nimeibandika mimi."

"Na pini nne. Niliiona."

Wakiuza, ushirika unakufa. Uamuzi wa lini nyumba ya mwisho msituni itengenezewe uzi wake utakuwa mikononi mwa mtu ambaye hataiona nyumba hiyo maisha yake yote. Wapo wanaoliita jambo hili maendeleo. Torgny hakuwa na jina lake.

Alianza na jambo rahisi: kwenda kutazama. Asubuhi moja ya Aprili ramani ilionyesha vitone vyekundu vitatu. Akaingia kwenye gari, akaenda nyumba ya kwanza, ya mkulima anayeitwa Östen Rask. Kisanduku kilikuwa ukutani, kizima kabisa, na plagi yake imelazwa juu ya meza karibu na siagi.

"Östen, mbona kimechomolewa?"

"Nimechomoa mimi. Usiku hakuna anayekitumia. Kwa nini kiungue bure?"

"Na sasa hivi ni saa nne asubuhi."

"Sasa hivi nangojea redio iseme kama kuna radi."

"Kioo hakipitishi umeme, Östen. Radi haiwezi kuingia kwenye uzi wa kioo hata ikiombwa."

"Hivyo ndivyo walivyosema kuhusu simu," akasema Östen, "na mwaka ule simu kumi na nne ziliungua, ya mama yangu ikiwa ukutani, na alama yake mpaka leo ipo. Unataka kahawa?"

Nyumba ya pili plagi ilikuwa imechomolewa kwa sababu wenyewe walikwenda dukani, na mtu haachi umeme kwenye nyumba tupu. Nyumba ya tatu hawakukumbuka walichomoa lini, ila walikuwa na uhakika ilikuwa kwa sababu nzuri. Mtandao wa Tallsele haukuwa umekufa hata dakika moja. Ulikuwa umelazwa usingizi na watu makini, waliolelewa kuchomoa kila kitu isipokuwa friji.

Programu haikuweza kulijua hilo. Kwake, kisanduku kilichochomolewa na uzi uliokatwa vilikuwa ni kimya kimoja.

Torgny akakisoma kitabu cha maelezo cha kisanduku, ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukisoma, na kwenye ukurasa wa mia na kumi na mbili akakuta aya moja. Kisanduku kikikatiwa umeme, iliandikwa, kinabaki na chaji kidogo sana, ya sehemu ndogo ya sekunde, na kwa chaji hiyo kinatuma ujumbe mmoja tu: umeme wangu umekatwa, kwaheri. Mafundi wanauita pumzi ya mwisho. Uzi ukikatwa, ujumbe huo hauji, kwa kuwa hakuna njia ya kuupitisha.

Kwa miaka yote hiyo visanduku vya Tallsele vilikuwa vikiaga kwa adabu kila vilipochomolewa, na hakuna aliyekuwa akisikiliza. Programu iliyokuwa bandani ilikuja ikiwa imefungashwa tayari, na walioifungasha waliiacha nje sehemu ya kupokea pumzi ya mwisho, kwa kuwa wateja wengi hawaitumii. Ndivyo vitu vilivyofungashwa vilivyo. Mtu usiyemjua ameamua huko aliko kwamba wewe hutahitaji.

Lakini programu hiyo ilikuwa ya wazi. Msimbo wake chanzo, yaani maandishi yenyewe yaliyoandikwa na waundaji, yalikuwa huru kwa yeyote kuyachukua, kuyasoma na kujiundia programu yake, pamoja na sehemu walizoacha wengine. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja kabla ya mkutano. Torgny akayashusha kwenye kompyuta ya jikoni.

Hatua ya kwanza ni ukaguzi. Kabla ya kuijenga programu, unaiamuru ikague kama kompyuta yako ina kila inachohitaji. Mistari ikaanza kushuka: ipo, ipo, ipo, ipo. Kisha ikasimama.

"Imesema nini?" Ragnvi akauliza akivaa viatu.

"Imesema hapana."

"Kwa adabu?"

"Hapana."

Kilikosekana kipande kimoja. Akakitafuta, akakipata, nacho kipande kikasema hakiwezi kuishi bila kipande kingine. Hicho kingine kilitaka toleo jipya la cha tatu, na cha tatu kilikuwa na matoleo mawili yenye jina moja yasiyopatana. Siku tatu zikaenda hivyo. Siku ya nne ukaguzi ukafika mwisho bila kulalamika. Kwenye orodha ya sehemu zitakazojengwa, kando ya maneno ya kupokea ujumbe kutoka visandukuni, pakaandikwa ndiyo. Torgny akalitazama neno hilo mpaka kahawa ikapoa. Halafu akatoa amri ya kujenga, na kompyuta ikafanya kazi kwa dakika arobaini ikipuliza kama ng'ombe mwenye mafua.

Akaipeleka bandani na kuanza kuisanidi. Faili la mipangilio lilikuwa na mistari mia tatu. Akaandika: kisanduku kikinyamaza bila kuaga, kitone chekundu. Kikiaga kisha kikanyamaza, kitone cha njano, na dakika hizo zisihesabiwe kuwa kosa la mtandao. Akaiwasha. Hakuna kilichobadilika. Kila kitone kilichonyamaza kilikuwa chekundu.

Akarekebisha mistari. Chekundu. Akasoma upya sura nzima ya maelezo kwa kamusi. Chekundu. Kwa siku mbili alibadilisha kila kinachobadilika, mpaka akafikia kuandika mambo ya kipuuzi kusudi aone kama programu italalamika. Haikulalamika. Hapo ndipo alipoingiwa na wasiwasi, maana programu isiyolalamikia upuuzi haijausoma.

Na kweli haikuwa ikiusoma. Ile ya zamani ilikuwa bado hai. Kila alipoiwasha upya seva, yenyewe ndiyo iliyoamka kwanza na kuukalia mlango ambao ujumbe hupitia. Mpya ilifika, ikakuta pana mtu, ikajizima kimyakimya. Siku mbili Torgny alikuwa akimpa maagizo mfanyakazi ambaye hajaingia kazini.

Akaifuta ya zamani. Akarudi nyumbani, akafungua ramani kwenye kompyuta ya jikoni.

"Ragnvi, chomoa kisanduku chetu. Kompyuta nimeiunganisha kupitia simu."

Ragnvi akaunyoosha mkono nyuma ya kabati bila hata kutazama, akachomoa. Baada ya sekunde mbili kitone chao kikawa cha njano. Torgny akapumua.

"Umekipata upesi," akasema baadaye kidogo. "Mimi huwa lazima nipige magoti."

"Mazoea."

"Mazoea ya nini?"

Ragnvi akakaa. "Nikitoka kwenda kazini, wewe umeshaondoka kwenda banda lako. Nyumba inabaki tupu. Sasa niache umeme?"

"Kila siku?"

"Jumapili sifanyi kazi."

Torgny akaifungua taarifa ya mwaka jana na kutafuta nyumba yao. Ilikuwa ya tano kutoka chini.

"Basi onyesha majina," Ragnvi akasema alipomaliza kucheka, na ilimchukua muda. "Alhamisi weka orodha ukutani, nani anachomoa na saa ngapi. Anza na mimi. Watanyamaza kama kanisani."

Torgny alilifikiria hilo siku nzima. Orodha aliyokuwa nayo ilionyesha zaidi ya plagi. Ilionyesha nani hutoka usiku na nani harudi, nani huondoka saa moja nyumba ya jirani ikizimwa saa moja na dakika moja. Kampuni za mjini zinayo orodha kama hiyo ya kila mmoja wetu, na zinaiita huduma. Jioni akaurudia msimbo, akaandika mistari tisa yake mwenyewe, ya kwanza maishani mwake, akaijenga programu upya. Kuanzia hapo pumzi ya mwisho ilihesabiwa bila jina la nyumba, na ramani itakayoonyeshwa ukutani ilivichanganya vitone, kisijulikane kipi ni cha nani, isipokuwa chekundu, ambacho lazima mtu akijue ili akitengeneze. Majina ya zamani akayafuta.

"Utashindwa," Ragnvi akasema.

"Huenda."

"Lakini utashindwa vizuri," akasema, akampa mkate.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule ya zamani, kuanzia saa kumi na mbili jioni, jua likiwa bado juu. Torgny alifika saa moja kabla, akawasha projekta. Ukutani palikuwa na vitone themanini na vitatu, sabini na tisa vya kijani na vinne vya njano. Akaenda kusaidia kupanga vikombe. Hapo kura haipigwi kabla ya kahawa na mikate ya mdalasini.

Watu wakaanza kuingia. Na kadiri ukumbi ulivyojaa, ramani ilipoteza rangi yake. Cha njano kimoja, viwili, vitano kwa mkupuo. Kufikia Mwalimu Maj-Lis alipogonga meza, nyumba sitini na nane zilikuwa zimewakilishwa, na vitone hamsini vilikuwa vya njano.

Mjumbe wa kampuni aliitwa Pontus Ekwall, kijana mpole mwenye koti zuri. Alizungumza dakika ishirini kuhusu mustakabali. Mwisho akageuka akautazama ukuta, na uso wake ukawa wa mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Marafiki, sina haja ya kuongeza neno. Tazameni wenyewe. Sasa hivi, tukiwa tumekaa hapa, nyumba hamsini hazina mtandao."

Torgny akasimama. Si msemaji. Alizungumza akiitazama sahani ya mikate.

"Chekundu ni kosa la mtandao," akasema. "Cha njano ni mtu kachomoa plagi. Vyekundu ni sifuri. Nimemaliza." Akakaa.

"Ngoja kwanza," Östen akasema kutoka nyuma. "Hiyo programu kaitengeneza nani?"

"Nimeiunda mimi. Kutoka msimbo wake."

"Wapi?"

"Jikoni."

"Haya! Wiki mbili zilizopita vilikuwa vyekundu. Torgny kaingia jikoni na rangi, katoka na vya njano. Mimi nakupenda, bwana, lakini hata mimi nikijisahihishia mtihani mwenyewe napata mia."

Watu wakacheka. Lilikuwa swali la haki, na Torgny alilijua. Akainua karatasi. "Msimbo wote uko wazi. Niliyoongeza ni mistari tisa, hii hapa, nimeichapa. Anayetaka asome."

Karatasi ikapita mkono kwa mkono, safu nzima. Kila mmoja aliitazama kwa heshima na kumpa jirani. Ikamrudia ikiwa na doa la siagi.

Mwalimu Maj-Lis akavua miwani. Amefundisha miaka thelathini na nane, na nusu ya ukumbi ilijifunza kusoma mbele yake.

"Mkono mmoja kwa kila nyumba," akasema. "Aliyechomoa plagi ya kisanduku kabla ya kutoka nyumbani leo, anyooshe."

Hakuna aliyenyoosha. Waswidi hawa wanaweza kukaa hivyo mpaka majira yabadilike. Kila mmoja alikuwa akiwaza kwamba ni yeye peke yake, na kwamba plagi moja haiwezi kudhuru.

Mwalimu akanyoosha wa kwake.

Ragnvi akanyoosha. "Sellin," akatangaza kwa sauti, "na kila siku isipokuwa Jumapili." Torgny akazidi kuitazama mikate.

Kisha mkono mmoja kule dirishani, halafu miwili, halafu kama mvua inavyoanza kwenye bati. Mwisho, polepole, mkono wa Östen, usiofika juu ya kichwa chake. Mwalimu akahesabu akitembea kati ya viti, mara mbili, kama alivyokuwa akihesabu watoto baada ya safari.

"Arobaini na saba," akasema. "Ukutani ni hamsini, na vinne vilikuwa vya njano kabla yetu. Basi mikono nataka arobaini na sita. Nani kaongeza?"

Macho yakazunguka, yakamkuta Pontus Ekwall, amesimama kando ya projekta, mkono juu.

"Samahani," akasema akiushusha. "Kwangu pia mimi huchomoa nikitoka. Mama alitufundisha hivyo."

"Mama kafanya vizuri," Mwalimu akasema. "Kahawa imeisha? Basi tupige kura."

Wasiouza walikuwa thelathini na saba. Waliotaka kuuza, thelathini na mmoja. Östen alipaza sauti kwamba yeye amepiga ya kuuza, ili baadaye asisingiziwe, na kwamba amechoka, umri unakwenda, na wakati wa kuwaachia watu wengine wafanye kazi hiyo kwa mashine zao umefika. Hakuna aliyembishia. Kura thelathini na moja si chache, na Torgny alirudi nyumbani akizihesabu njia nzima badala ya kuzihesabu zile thelathini na saba.

Kesho yake, Ijumaa, saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, alikuwa bandani akiutazama mtandao ukiamka. Vitone kumi na vinne vya upande wa mashariki vikawa vyekundu kwa pamoja. Hakuna hata kimoja kilichoaga. Hiyo haikuwa plagi. Akachukua boksi la kuunganishia nyuzi, akaingia kwenye gari, akafuata barabara ya mashariki.

Aliiona mashine ya kuchimbia kwa mbali, imesimama kwenye ukingo wa shamba la Östen, ndoo yake angani na kipande cha bomba la rangi ya machungwa kikining'inia kama soseji. Alidhani atamkuta Östen peke yake. Walikuwa watu tisa. Hakuna aliyewapigia simu. Mitandao yao ilikatika, wakatoka nje, wakatazama barabarani, wakaja. Wengine wamevaa mabuti juu ya suruali za kulalia. Mwalimu Maj-Lis alikuwa ameikunjua ramani ya zamani ya mitaro juu ya boneti la gari na kuizuia isipeperuke kwa chupa mbili za kahawa.

"Ramani ipo kwenye tovuti," Torgny akasema. "Unaangalia kabla ya kuchimba."

"Najua," sauti ya Östen ikajibu kutoka ndani ya mtaro. "Nilikuwa nimechomoa."

Hakuna aliyecheka wakati ule. Kazi ya mashine ilikuwa imekwisha. Karibu na nyuzi huwezi kutumia kitu chenye meno. Östen alikuwa amepiga magoti chini kabisa, akifukua kwa mikono mitupu, udongo baridi mpaka kwenye viwiko, akiutafuta mwisho wa pili wa kebo. Watu wawili waliopiga kura ya kutouza na mmoja aliyepiga ya kuuza walikuwa wakimpokea udongo kwa ndoo.

"Sogea," Torgny akamwambia, akashuka.

"Bado mita mbili," Östen akasema, bila kusogea.